Jua la Saa Kumi na Moja

Siku ya kwanza Médiatrice alipofika kazini Morningside, mtaa mmoja wa Durban, bibi mwenye nyumba alimwonyesha jiko, bafu, kabati la dawa na chumba atakacholala, kisha akamwambia, "Kuna jambo moja uliamue kabla hujafungua begi lako. Mimi ni mpagani. Wawili waliokutangulia liliwashinda."

Walikuwa wakizungumza Kiingereza, na Médiatrice alidhani hakusikia vizuri. "Una maana huendi kanisani?"

"Nina maana hiyohiyo niliyosema."

Bibi huyo aliitwa Glynis. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, mjane, mwalimu mstaafu wa biolojia. Alivunjika nyonga akipogoa maua, na tangu hapo alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu. Mwanawe wa pekee aliishi Australia, naye ndiye aliyemtafutia mtu wa kumhudumia kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Médiatrice alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alizaliwa Buyengero, kwenye milima ya Burundi inayotazama Ziwa Tanganyika. Alikimbia vita, akaishi miaka kumi na miwili katika kambi za Kasulu, akamzika mume wake hukohuko, kisha akashuka kusini, nchi baada ya nchi, mpaka Durban. Hakujaliwa mtoto. Neno mpagani alilijua tangu utotoni, ila hakuwahi kumsikia mtu akijiita hivyo kwa mdomo wake mwenyewe. Kwao lilikuwa neno la kuitwa na wengine.

Alifungua begi.

Kazi yenyewe haikuwa mbaya. Alimwogesha bibi, akampa dawa, akampikia uji wa shayiri asubuhi na supu jioni. Nyumba ilikuwa kubwa, na siku nyingine maneno waliyosemezana kutwa nzima yasingejaza nusu saa. Ijumaa jioni alirudi Umbilo, kwenye chumba alichopanga pamoja na Félicité, mwanamke wa Uvira aliyesuka nywele katika saluni moja ya Greyville. Kati ya vitanda vyao walitundika pazia. Jumapili walikwenda pamoja kanisani, kwenye ukumbi wa kukodi ambako Wakongo na Warundi walisali kwa Kiswahili, na Médiatrice aliimba sauti ya pili katika kwaya. Pale alikuwa na watu. Siku nyingine zote alikuwa na Glynis.

Halafu ikaja Juni.

Tangu mwaka wake wa kwanza Durban, Médiatrice alishangazwa na jua la mji huu. Kwao jua huchwa saa kumi na mbili, leo, kesho na mwaka mzima. Hapa, ukifika Juni, saa kumi na moja na dakika tano limeshazama, na mtu aliyetoka kazini anatembea gizani kama aliyechelewa mahali. Alikuwa ameona hivyo kila mwaka bila kumwuliza mtu sababu. Glynis yeye alizihesabu dakika. Jikoni alitundika kalenda, na kwenye kila tarehe aliandika kwa penseli saa ya jua kuchomoza na saa ya kuzama.

"Tarehe ishirini na moja ndiyo siku fupi kuliko zote," alimwambia Médiatrice. "Baada ya hapo jua linageuka, linaanza kurudi. Watu wa kale kwetu Ulaya waliwasha moto wakalisubiri. Wenzangu wengi hapa hufanya sherehe hiyo Desemba, majira ya baridi ya Ulaya, kwa kuwa vitabu vya huko vimesema Desemba. Desemba ya Durban ni jasho tupu. Mimi nafuata jua."

Maandalizi yalichukua wiki nzima, na kwa kuwa mikono ya Glynis ilitetemeka, mikono iliyofanya kazi ilikuwa ya Médiatrice. Alichomeka karafuu kwenye machenza, moja moja, mpaka nyumba nzima ikanukia. Alisuka taji la matawi ya rozmari na maua mekundu ya mshubiri, akalitundika kwenye mlango wa mbele. Alipomwomba mtunza bustani amletee gogo, mzee yule wa Kizulu alidhani anamwulizia bosi wake, maana kwa Kizulu gogo ni bibi, na yeye humwita Glynis hivyo kila siku. Glynis alipoelezwa alicheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza Médiatrice kumsikia akicheka.

Gogo lenyewe likapatikana. Ndani ya kopo la biskuti Glynis alikuwa amehifadhi kipande kilichoungua cha gogo la mwaka uliopita, ndicho cha kuwashia la mwaka huu. Machenza yaliwekwa kwenye meza ya verandani, na kabla ya saa tisa tumbili wawili walikuwa wameshashuka kutoka kwenye paa. Wakabeba manne. Mmoja akauma, akakutana na karafuu, akalitema na kumtazama Médiatrice kwa chuki.

Juu ya meza hiyohiyo palikuwa na picha ya wanawake saba bustanini, wameshikana mikono, wamevaa mataji ya majani. Glynis alikuwa wa tatu kutoka kushoto, mwenye nywele nyeusi.

"Wenzako wanakuja saa ngapi?" Médiatrice aliuliza.

"Hawaji. Wanne wamekufa. Mmoja yuko Perth kwa wajukuu. Huyu wa mwisho yuko hai, yuko hapahapa mjini, Musgrave, ila hajijui jina." Akaigeuza picha kidogo isipigwe na jua. "Utakaa na mimi? Ni nusu saa tu."

"Mama Glynis, moto nitakuandalia, na mkate na asali nitakuletea. Kukaa hapana. Mimi nimeokoka."

"Haya. Basi zima taa zote, na ufunge mlango wa jikoni."

Alizima taa. Mlango aliurudisha, hakuufunga kabisa. Akakaa jikoni gizani, Biblia mapajani, asiweze kuisoma. Kwa muda hakusikia kitu. Kisha kibiriti kikawaka, na sauti ya Glynis ikaanza kutaja majina. Desturi yao ilikuwa mmoja hutaja jina la marehemu, na wengine hujibu kwa pamoja, "Yupo nasi." Glynis alitaja jina la mume wake, akanyamaza kidogo kana kwamba anawapa watu nafasi, kisha akajijibu mwenyewe, "Yupo nasi." Akataja la pili. Akajijibu. Sauti ya kutaja ilikuwa ya mwalimu, ya kujibu ilikuwa ndogo. Yalikuwa majina kumi na moja. Médiatrice alisimama mara mbili, akafika mlangoni, akarudi kukaa.

Kesho yake kabla ya saa moja alisukuma kiti mpaka verandani. Jua lilitokeza nyuma ya magorofa, chafu kidogo, la kawaida. Glynis akapiga kengele ndogo ya shaba mara tatu. "Limerudi," akasema. Kisha akaomba chai.

Jambo hilo lingeishia hapo kama si mvua ya Februari mwaka uliofuata. Ilinyesha siku tatu mfululizo, umeme ukakatika, na alasiri moja wakiwa wamekaa sebuleni bila kazi Glynis alimwuliza, "Kwenu wapagani walikuwa watu gani?"

Médiatrice hakuwahi kumwambia mtu, hata mume wake. Alimwambia huyu, labda kwa sababu Kiingereza hakikuwa lugha ya mambo yale, hakikuuma sana.

Alikuwa na miaka minane. Alilala kwa bibi yake mzaa baba, kwenye nyumba ya nyasi, mgongo wake kwenye tumbo la bibi, moto ukiwa miguuni. Bibi alikuwa mtu wa Kiranga, dini ya mizimu iliyokuwapo kabla ya mapadri. Nyuma ya nyumba alijenga kibanda cha nyasi kinachomfika mtu kiunoni, na wakati wa kupanda mtama alimimina pombe pale na kuwaita waliokufa kwa majina. Mwaka huo Médiatrice alikuwa akijiandaa kwa komunyo ya kwanza. Katekista, kijana mmoja aliyeitwa Libère, aliwauliza watoto darasani nani bado ana mpagani nyumbani kwao. Médiatrice alinyoosha mkono wa kwanza kwa sababu jibu alilijua.

"Jumamosi wakaja," alisema. "Wakakichoma kile kibanda. Baba alisimama pembeni akitazama. Mimi nilianza kulala kwa mama. Mwaka uliofuata bibi akafa, hawakumzika kwenye makaburi ya misheni. Hakuna aliyetaja jina lake tena nyumbani kwetu."

Glynis akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?"

Médiatrice aliinuka akaenda kuangalia kama maji yanaingia jikoni.

Juni hiyo ya pili hakuombwa. Alifanya kila kitu kama mwaka uliotangulia, machenza akayaficha ndani mpaka dakika ya mwisho kwa sababu ya tumbili, akazima taa, na badala ya kwenda jikoni akavuta kiti, akakaa. Glynis hakumtazama. Walikaa gizani, na giza lile lilikuwa la kawaida, mtu angeweza kulisikia lori likipanda mlima na mbwa wa jirani. Kisha Glynis akawasha mshumaa mmoja, na kwa mshumaa huo akawasha mingine mitatu, na kile kipande cha mwaka uliopita kilichokuwa chini ya gogo. Akataja jina la mume wake.

"Yupo nasi," Médiatrice akasema.

Sauti yake mwenyewe ilimshtua. Glynis alisita, kisha akaendelea, na safari hii hakuhitaji kujijibu. Majina yalipokwisha akangoja. Moto ulikuwa umeshika gogo.

"Ntahombaye," Médiatrice akasema.

Glynis alijaribu kulirudia, akalikosea, akajaribu tena, akalikosea vingine. Kwa hiyo akasema tu, "Yupo nasi," kwa sauti ya darasani. Wakala mkate na asali. Hawakuzungumza habari hiyo tena, na saa moja na nusu Glynis alikuwa kitandani.

Ijumaa Médiatrice aliporudi Umbilo, Félicité alimnusa begani alipomsalimia.

"Dada Médi, iko harufu gani kwenye nguo zako? Ni kama moshi, ni kama pilau."

Angeweza kusema ni jikoni. Lakini alikuwa amebeba kitu kizito tangu utoto na kimepungua, akataka mtu mmoja tu ajue. Akamweleza yote, pamoja na habari ya bibi yake. Félicité alisikiliza akiwa amekaa kitandani kwake, pazia limefunguliwa, chanuo mkononi.

"Bon," alisema mwishowe. "Sasa hiyo ni mizimu, dada."

"Ni jina tu nililitaja."

"Uliwaita wafu kwa moto. Unajua inaitwaje." Hakusema kwa hasira. Aliogopa, na mtu akiogopa hutafuta wa kumwambia. Jumapili wanawake wa kwaya walikuwa wameshajua.

Mchungaji Yeremia alimwita baada ya ibada. Alikuwa mtu mpole, mwenye duka la simu katikati ya mji, na alimvutia kiti. "Mama Médiatrice, hapa hakuna anayekufukuza. Kazi ni kazi, tunaelewa. Jumapili ijayo utasimama mbele, utasema ulichofanya na ni mzimu gani uliyemwita, tutakuombea, itakwisha."

"Nimtaje bibi yangu?"

"Umtaje, umkatae. Ndiyo njia."

Médiatrice alitazama mikono yake. "Mchungaji, nilishawahi kumtaja mbele ya watu wa kanisa. Nilikuwa na miaka minane. Sitamtaja hivyo tena."

"Lakini si kwa ubaya."

"Na ile haikuwa kwa ubaya."

Hawakumfukuza, kama mchungaji alivyosema. Ila kwenye kwaya aliambiwa apumzike kwanza, na alipokaa kwenye viti vya kawaida, viti vya kulia na kushoto vilibaki tupu hata ukumbi ulipojaa. Walimpa mkono kwa haraka na kuurudisha. Alivumilia mpaka Septemba. Jumapili ya kwanza ambayo hakwenda, alikaa chumbani akisubiri mtu apige simu kumwuliza kama anaumwa. Félicité alirudi saa nane, akapika wali na maharage, akampakulia, wakala. Usiku pazia lilifungwa. Félicité hakuwa mtu mbaya. Alimwombea kila siku, kwa sauti ya chini, akidhani mwenzake hasikii.

Glynis alikufa mwezi wa Machi kwa nimonia, hospitalini, Jumapili, siku ambayo haikuwa zamu ya Médiatrice. Aliambiwa kwa ujumbe wa simu. Mahali pa kuchomea maiti palikuwa na watu wanne: Médiatrice, mtunza bustani, jirani mmoja, na mwanasheria aliyeshika simu ili mtoto wa Glynis aone akiwa Australia. Msimamizi aliuliza kama kuna dini. Mwanasheria akasema hakuna. Médiatrice alitaka kusema ipo, lakini angeulizwa ni ipi, na hakuwa na neno. Nyumba iliuzwa kabla ya Mei. Taji kavu la rozmari lilikuwa bado mlangoni alipokwenda kuchukua vitu vyake. Kopo la biskuti hakuliona.

Alipata kazi nyingine, kufua katika nyumba ya wazee hukohuko Umbilo, kutwa kati ya mashine zinazonguruma. Pale watu hawasemezani kwa sababu hakuna anayesikia.

Juni ilipofika alijiambia hatafanya kitu. Siku yenyewe alitoka kazini saa kumi, akapita dukani kununua mkate, akajikuta ameshika mfuko wa machenza. Karafuu alikuwa nazo. Mahali pa kuwasha moto hapakuwapo, chumba kiko ghorofa ya tatu, hivyo alichukua mshumaa wa kawaida wa kukatika umeme, akausimamisha kwenye kisosi juu ya stuli. Akazima taa. Dirishani aliona anga ya upande wa Glenwood ikigeuka rangi ya machungwa, halafu kijivu. Taxi zilipiga honi chini barabarani.

Alitaja jina la bibi yake, akajijibu. Akataja la mume wake, akajijibu. Akataja la Glynis. Hapo akalia kwa muda, si sana, kwa kuwa alikuwa hajamlilia. Kisha akajibu.

Félicité alikuta mshumaa bado unawaka. Alisimama mlangoni na mkoba wake wa nywele bandia, akatazama kisosi, akatazama chenza lenye karafuu.

"Naweza kuwasha taa?" aliuliza.

"Washa, dada. Nimemaliza."

Félicité aliwasha. Alikaa kitandani kwake bila kuvua viatu. "Mimi nakupenda, Médi. Unajua hivyo?"

"Najua."

"Lakini siwezi kulala hapa tena. Nitakaa kwa Huguette, wa kwaya. Mwisho wa mwezi nitatoa vitu."

"Sawa," Médiatrice akasema. Akamenya chenza, akampa nusu. Félicité alilishika kwa muda kabla ya kula.

Mwanzoni mwa Julai Médiatrice alikuwa peke yake chumbani. Pazia alilifua, akalikunja. Jioni zilikuwa ndefu ingawa jua, kwa kalenda, lilikuwa limeanza kurudi. Ndipo akampigia kaka yake Buyengero, aliyekuwa hajaongea naye tangu Pasaka, akamwuliza bibi alizikwa wapi.

"Bibi yupi?"

"Ntahombaye."

Kaka akasema, "Mbona leo? Pale kwake si ni shamba la mihogo sasa. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Ngoja, mama Verediana yuko hai, nitamwuliza."

Verediana alikuwa jirani yao wa zamani, mwanamke wa karibu miaka tisini. Wiki mbili baadaye kaka alimpelekea kikongwe huyo simu. Sauti yake ilisikika mbali, na ilibidi Médiatrice ajitaje mara tatu, mtoto wa fulani, wa mlima fulani, kabla kikongwe hajamkumbuka.

"Mimi ndiye niliyemwosha," Verediana alisema kwa Kirundi. "Mimi na mama yako. Tulimzika chini kidogo ya kile kibanda kilichoungua. Hakuna alama."

Médiatrice alisogea dirishani ili mtandao usikatike. "Mama, nikuulize. Alijua ni nani aliyemtaja kwa katekista?"

"Alijua. Mlima mzima ulijua."

"Alisema nini?"

Kikongwe alikohoa, akamwambia mtu wa pembeni alete maji, akanywa. "Alisema mtoto haji tena kulala kwake, na usiku kuna baridi. Alisema hivyo mara nyingi. Zaidi ya hapo sikumbuki." Kisha, kama mtu anayetimiza adabu ya simu ya mbali, akauliza, "Na huko uliko, mna baridi?"

"Kidogo, mama. Si kama ya mlimani."

"Unalala na nani?"

Médiatrice alitazama kitanda cha pili, godoro limekunjwa. "Niko peke yangu."

"Basi ujifunike vizuri," Verediana akasema, na akamrudishia kaka simu.